Beseni

Pancha ya msumari haina kazi.
Unauona, unauchomoa, unabandika kiraka, mteja anapanda.
Inayomtesa fundi ni ile ya polepole:
jioni tairi gumu, alfajiri limelala,
na jeraha hulioni.
Hiyo haitafutwi kwa macho. Unajaza upepo,
unazamisha tyubu kwenye beseni,
unaizungusha shubiri kwa shubiri
unangoja kiputo.

Mwezi wa nne sasa tangu Mbaruku aondoke
hapa barabara ya kumi na saba, Ngamiani.
Kaacha spana namba kumi na tatu juu ya benchi
na baiskeli ya mama muuza mihogo haina mnyororo.
Walikuja watu wawili na daftari.
"Alibadilika siku gani?"
Siku gani! Kama kwamba mtu ni kalenda, unachana karatasi.
Nikawajibu sijui.
Usiku nikajaza beseni.

Hapa: mwaka ule wa mvua, alipokamatwa Chumbageni
na baiskeli niliyomtuma mwenyewe akaijaribu.
Wakasema ya wizi. Siku tatu ndani.
Alirudi kucha moja haipo, hakusema kitu.
Nami nikamwambia, "Shukuru umetoka."
Kiputo.

Hapa: jina lake limetoka chuo cha ufundi,
ada hakuna, na mjomba mwenye malori mawili
kazima simu.
Kidogo hiki, kinapasuka, kinakuja kingine.

Hapa: mgeni. Mpole.
Hakuja na bunduki, jamani, alikuja na baiskeli nzima,
akaomba nimkazie breki zilizokwisha kaza.
Akamgeukia kijana: "Kucha imefanya nini?"
Miaka miwili benchi moja, sahani moja ya ubwabwa,
mimi sikuuliza.

Baada ya hapo ni mteremko.
Hupigi pedali, unapelekwa,
na upepo wa usoni unauita uhuru.
Akaacha kwenda Mkwakwani kutazama mpira.
Akaizima redio yangu, kwanza kwa adabu.
Kicheko kikafuata.
Hata Ustadhi Mzingwa, aliyemshika kidole kwenye alifu,
akaambiwa ameiuza dini.
Mzee wa watu alikaa hapo kwenye ndoo iliyofudikizwa
akasema, "Mimi nilimfundisha kusoma.
Yule kamfundisha kwamba anahesabika."

Na simu, waya masikioni mchana kutwa:
kuta zilizowaangukia watoto
katika miji ambayo hata kuitamka hawezi.
Nilimwona akilia, machozi ya kweli, juu ya tyubu.
Msidhani alianza na chuki.
Alianza na huruma, ikakosa pa kwenda,
na palikuwa na mtu anayejua pa kuipeleka.

Simtetei.
Kama mkono wake umewasha moto mahali,
waliounguzwa wana mama zao,
nao hawana haja na beseni langu.
Nikilijua tundu lilipo
haina maana tairi halikumwangusha mtu.

Ila nimezungusha tyubu yote, mpaka kwenye valvu,
maji yamekuwa meusi,
na kiputo kimoja, nikikitazama vizuri,
kinatoka chini ya kidole changu.

Juzi nimeletewa kijana mwingine, Shafii, kutoka Amboni.
Miaka kumi na sita. Jicho la kushoto limevimba.
Nilikuwa nimeshika nyundo, nikaiweka chini.
"Jicho limefanya nini?"
Akanitazama kama niliyesema kwa lugha ya meli.
Akafuta mikono kwenye suruali, mara mbili, ingawa ilikuwa safi.
Akainama kwenye baiskeli ya mama muuza mihogo.

"Fundi," akasema,
"huu mnyororo wake ni saizi gani?"